Tairi la Meku na Kiwanda cha Arusha

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakupeleka Kiboriloni, mwendo mfupi kutoka Moshi mjini ukielekea Himo, penye soko lililojipatia jina kwa mitumba. Uani kwa mzee wangu mmoja, ambaye sote twamwita Meku, kuna lori aina ya Bedford TJ. Aina hiyo ilianza kutoka viwandani Uingereza mwaka 1958, na kwa miaka mingi ilikuwa punda wa nchi hii. Kahawa, saruji, mahindi, hata jeneza la msafiri, vyote vilipanda Bedford.

Lori la Meku bado linawaka. Mafundi wameunga springi, wamechonga bushi, wameseremala bodi upya. Kilicholiweka juu ya magogo ni matairi.

"Mwanangu," aliniambia baada ya shikamoo na marahaba, "injini inaungwa. Tairi haliungwi."

Nikajitolea kumtafutia. Saizi yake ni 8.25-20, maana yake upana wa inchi 8.25 juu ya rimu ya inchi 20, ile ya ringi, inayotaka tyubu na flapi. Nilizunguka Moshi siku tatu. Matairi ya Canter, ya rimu ya inchi 16, yamejaa tele. Ya malori ya masafa marefu, ya inchi 22.5 yasiyo na tyubu, nayo yapo. Hili la katikati, patupu.

Muuzaji mmoja akanitolea mawili yanayong'aa kwa rangi nyeusi. Nilipopitisha kidole, nikagundua kwamba kashata zake zimechongwa kwa kisu kwenye mpira uliokwisha kuwa kipara, na nyuzi zinachungulia. Bei aliyotaja ni ya tairi jipya! Hebu fikiri, ndugu msikilizaji, tairi hilo linateremka kutoka Kidia, Old Moshi, na shehena ya ndizi, utingo kakaa juu ya mikungu. Likipasuka pale kwenye kona, nani atamjibu mama yake?

Niliporudi mikono mitupu, Meku alinionyesha tairi la akiba, limekwisha kabisa, lakini ubavuni bado linasomeka neno "General". Hapo ndipo historia inapoingia.

Mwaka 1969 kilianzishwa Arusha, kilomita zipatazo 80 tu kutoka Moshi, kiwanda cha General Tyre. Serikali, kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, ilikuwa na hisa asilimia 74. Mbia wake alikuwa General Tire ya Marekani, ambayo mwaka 1987 ilinunuliwa na Continental ya Ujerumani. Kiwanda kilikuwa na mashamba yake ya mpira, Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero. Yaani utomvu wa mti wa Tanzania ulikuwa ukigeuka tairi la kubebea kahawa ya Tanzania.

Sisemi zamani ilikuwa pepo. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983, fedha za kigeni zikaadimika, na mwenye lori alihangaika kutafuta kibali cha tairi kama anayetafuta posa. Lakini tairi likikosekana, mtu alijua mlango wa kubisha. Baadaye soko likafunguliwa, matairi ya nje yakamiminika, kiwanda kikaishiwa mtaji, na mwaka 2007 uzalishaji ukasimama. Ahadi za kukifufua zimetolewa zaidi ya mara moja. Majirani nao hawakusalimika. Kiwanda cha Nairobi kilichoanza kama Firestone, kisha kikaitwa Sameer, kilifungwa mwaka 2016.

Tumebaki wanunuzi. Kiwanda cha mbali hutazama soko kubwa, hakimtazami Meku. Tumeambiwa Dar es Salaam yanaweza kuagizwa matairi ya waya, 8.25R20, yanayokaa kwenye rimu ileile, mradi yasichanganywe na ya nailoni kwenye ekseli moja. Ila sita kwa pamoja yataizidi bei ya lori lenyewe.

Nilimuuliza kama angekubali yale ya kuchongwa, angalau kwa msimu mmoja. Akatikisa kichwa. "Utingo wangu ni mjukuu wangu," alisema. Lori litangoja juu ya magogo.

Nawe unayenunua tairi, tazama ubavuni tarakimu nne za mwisho. 0319 maana yake wiki ya tatu ya mwaka 2019. Na muuzaji akikuhimiza usiangalie, ondoka.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala umepita, nasi mbachao tuliuacha Arusha.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.