Sifuri Iliyofungua Daraja

Mwaka 1979 Ralph Merkle, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliandika tasnifu iliyokuwa na njia ya kuthibitisha jambo kubwa kwa ushahidi mdogo. Kila habari hufanyiwa muhtasari wa tarakimu. Mihtasari miwili huunganishwa ikawa mmoja, na hiyo nayo vivyo hivyo, mpaka ibaki namba moja iitwayo mzizi. (Mti wa ajabu huo, mzizi wake uko kileleni.) Mwenye kuushika mzizi hahitaji kuonyeshwa habari zote: katika habari milioni moja, mihtasari 20 yatosha kumhakikishia kwamba hii moja imo.

Hisabati hiyo ingali imara. Hasara iliyowapata watu ilitoka kwa bawabu, yaani programu iliyowekwa mlangoni kuukagua ushahidi.

Daraja liitwalo Nomad liliunganisha daftari za fedha za kidijitali. Aliyetaka kupeleka mali yake kutoka Ethereum hadi Moonbeam aliifungia huku katika mkataba wa programu, akapewa kule hati za thamani ileile. Alipozirudisha, mkataba ulipaswa kuifungua mali endapo tu ujumbe wake umethibitishwa chini ya mzizi unaoaminiwa. Basi mkataba ulikuwa na jedwali, na mbele ya kila ujumbe uliothibitishwa uliandikwa mzizi wake. Ujumbe usiothibitishwa haukuwa na kitu mbele yake. Na katika programu hizo, pasipo na kitu husomwa sifuri.

Juni 2022 mkataba ulifanyiwa marekebisho, na katika kuuanzisha upya, sifuri ikaingizwa miongoni mwa mizizi ya kuaminiwa. Neno hili latokana na Kiarabu, maana yake tupu. Wazungu nao walilichukua, wakaja kuliita hivyo hata andiko la siri. Sasa utupu wenyewe ukawa ufunguo: kila ujumbe usio na ushahidi ulihesabiwa kuwa umethibitishwa. Ni rahisi kujaribu kama ushahidi mwema hupita; wachache hukumbuka kumjaribu bawabu kwa mikono mitupu.

Tarehe 1 Agosti mtu mmoja akatoa hati za bitcoin 100. Kwa kuwa daftari li wazi kwa wote, wengine wakaona, wakanakili agizo lake, wakabadili anwani ya mpokeaji tu. Haikuhitajika elimu yoyote ya hesabu. Kwa muda wa saa chache zikatoka mali za dola karibu milioni 190. Wako waliochukua kwa nia ya kuhifadhi, nao wakarudisha. Sehemu kubwa haikurudi.

Huko Moonbeam hakuna aliyeibiwa hati hata moja. Kila mtu alibaki na idadi yake kamili mkononi, isipokuwa mali iliyozipa thamani ilikuwa imekwisha kutoka upande wa pili wa daraja.