Moto Juu ya Maji: Uvuvi wa Usiku katika Ziwa Tanganyika

Historia ya Ujiji na Kigoma aghalabu huandikwa kwa misafara na pembe za ndovu. Usiku wa ziwa husahauliwa. Ilhali dagaa huvuliwa kizani. Usiku vijidudu vya majini hupanda karibu na uso wa ziwa, dagaa huvifuata, na mwanga huwakusanya. Hapo kale mwanga huo ulikuwa moto wa kuni uliowashwa kwenye omo ya mtumbwi: baba akichota kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu, mwanawe akishika kafi na kuchochea moto. Kabla dagaa hawajajaa palikuwa na saa nyingi za kungoja, na humo ndimo ilimokuwa raha yenyewe: masimulizi, utani, vicheko vilivyoitikiwa kutoka mtumbwi wa jirani. Alfajiri wanawake waliwapokea, dagaa wakaanikwa mchangani.

Miaka ya 1950 zilienea karabai, pamoja na nyavu kubwa zilizobebwa na mitumbwi iliyofungwa pamoja. (Karabai asili yake ni taa ya kabaidi, taa ilibadilika, jina likabaki.) Ndugu wa nyumba moja hawakutosha tena, marafiki waliitwa, na maongezi yakapanuka.

Mwezi ukipevuka taa hushindwa, wavuvi wakakaa nyumbani kushona nyavu. Mwaka 2024, samaki walipokuwa wamepungua, Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa miezi mitatu, hata usiku wa kiza kikuu, haikuruhusiwa kuwasha taa ya kuvulia.