Zege la Vwawa

Huko Hermosillo, makao makuu ya jimbo la Sonora kaskazini mwa Meksiko, kuna chakula cha barabarani kinachoitwa dogo. Ndiyo, dogo, kama unavyomwita mdogo wako. Ni soseji iliyozungushiwa beikoni, ikakaangwa, ikalazwa ndani ya mkate laini, kisha ikafunikwa kwa maharage, nyanya, vitunguu, mayonizi, haradali na pilipili. Kila kibanda kina dogo lake. Chakula hicho kilivuka mpaka hadi Tucson, Arizona, mji uliokuwa sehemu ya Sonora mpaka Marekani ilipoinunua ardhi ile kwa mkataba uliotiwa saini Desemba 1853. Mwaka 2018 mgahawa mmoja wa Tucson, El Güero Canelo, ulioanza kama kibanda cha mtaani, ulipewa tuzo ya James Beard, ambayo ni heshima kubwa sana kwa wapishi wa Marekani.

Niliposoma hayo nilikuwa kwetu Vwawa na mkono mmoja ulikuwa umeshika kijiti cha meno chenye kipande cha zege. Nikajiuliza: hili letu nani ameliandika? Chipsi mayai wanaliwa kila siku kuanzia Tunduma hadi Tanga. Wamelisha wanafunzi wa vyuo, makondakta, makarani, walinzi wa usiku na mabachela wasiojua hata kuchemsha ugali. Tunajua mambo mengi kuhusu pilau na biriani. Zege tunalitania tu.

Jina lenyewe ni kazi ya fundi ujenzi. Kokoto bila saruji ni rundo, na chipsi bila yai ni rundo vilevile. Mpishi anamimina viazi vilivyokwisha kukaangwa kwenye kikaangio kidogo, anapiga mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, anayamwaga juu, anasubiri yashike, kisha anageuza. Kikitoka ni kitu kimoja cha duara. Mji kama Vwawa, ambao umekuwa ukijengwa bila kupumzika tangu ulipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Songwe mwaka 2016, hauhitaji kuelezwa maana ya zege.

Vilivyomo ndani yake havikuzaliwa hapa. Kiazi kilianza kulimwa milima ya Andes, Peru na Bolivia ya leo, maelfu ya miaka iliyopita. Nyanda zetu za juu kilifika pamoja na wamisionari na walowezi wa Kizungu, ndiyo maana bibi yangu mpaka leo anasema viazi ulaya. Watu wa Zanzibar wanasema mbatata, neno walilolipata kwa Wareno. Hakuna anayesema viazi vya Peru. Pilipili ina kichekesho zaidi. Neno hilo lilikuwa la ile mbegu nyeusi iliyokuja na majahazi kutoka India. Ilipofika ile nyekundu yenye asili ya Meksiko, ikachukua jina lote, na mwenye jina akalazimika kuongezewa ubini: pilipili manga. Nyanya nayo ilifanywa zao la bustani na watu wa Meksiko, na parachichi, ambalo siku hizi wakulima wa Songwe wanalipanda kwa kasi, asili yake ni pande hizohizo. Kwa hiyo sahani ya zege na kachumbari ya parachichi pale Vwawa ina undugu wa karibu na dogo la Hermosillo. Tofauti ni yai mahali pa soseji, na hata hilo nitalirudia mbele.

Lakini viungo peke yake havitengenezi chakula cha barabarani. Inatakiwa barabara kwanza. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ikabanwa njia yake ya kusini, na mafuta na shaba vikaanza kupita kwetu kwenye barabara ya vumbi na tope ambayo madereva waliibatiza njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA likamalizika mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China, ikaanza kazi rasmi mwaka 1976. Vyote vitatu vinapita wilaya ya Mbozi kuelekea mpakani. Dereva wa lori hawezi kusubiri ugali uive wala maharage yachemke. Anataka kitu cha moto ndani ya dakika kumi, anachoweza kukila akiwa amesimama.

Halafu inatakiwa mafuta ya kula, na hapa ndipo ninaposhikilia hoja yangu. Mara nyingi nasikia kwamba zege lilikuwepo siku zote. Sikubali. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mafuta ya kula, sukari na sabuni vilikuwa bidhaa za foleni. Mwaka 1983 serikali iliwasaka wahujumu uchumi, na kuna watu walioficha madebe ya mafuta kama wanaficha bunduki. Karai la chipsi linameza lita nyingi kabla hujauza sahani ya kwanza. Nani angeliweka kandokando ya barabara mwaka ule? Naamini kibanda cha chipsi kama tunavyokijua, chenye kabati la vioo na jiko la mkaa, ni mtoto wa enzi ya ruksa ya Mzee Mwinyi, biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980 na mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yakaanza kujaa madukani. Mama yangu, aliyekuwa msichana wakati wa foleni, ananiambia chipsi zake za kwanza alizila mjini Mbeya akiwa tayari ameolewa. Ushahidi wa mtu mmoja, najua, lakini unakwenda na mafuta.

Basi nikaanza kuzunguka Vwawa jioni, nikila zege la kila kibanda kama mtu aliyetumwa na ofisi.

La stendi ni zege la haraka. Viazi vinene, vimekatwa bila kupimwa, yai limeiva mpaka kingo zimekuwa kahawia. Halina kitunguu ndani. "Dada, kavu au zege?" ndiyo salamu yote. Kachumbari ni kabichi zaidi kuliko nyanya, na pilipili ni ile ya kusaga yenye ndimu, inayokufanya ukumbuke dhambi zako. Kwenye baridi ya Juni, nadhani hili ndilo bora.

Upande wa ofisi za mkoa zege limekuwa mtumishi wa umma. Walihamia watu kutoka kila pembe ya nchi, na wapishi wakafuata mishahara. Kijana mmoja aliyetoka Tanga anachanganya yai na kitunguu, hoho na karoti iliyokwaruzwa, anakaanga jembamba, kisha anakupa mchuzi wa ukwaju kwenye kibakuli. Mkulima mmoja wa kahawa aliyekaa meza ya pembeni aliuangalia ule ukwaju, akasema huo ni uji wa mgonjwa. Mimi nilirudi mara tatu.

Karibu na soko yupo mama mmoja ambaye hakaangi viazi na kuviweka kabatini. Anavitoa karaini vikiwa bado vinalia, anavipiga na mayai ya kienyeji, yenye kiini cha rangi ya chungwa, na bei inapanda kidogo. Juu anakata parachichi. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," nikamuuliza viazi anavipata wapi. "Marahaba mwanangu. Umalila. Vikiadimika nachukua vya Njombe, ila vya Njombe nanunua gunia lililonyongwa shingo." Alikuwa anazungumzia lumbesa, lile gunia linaloongezewa kilemba juu ili mkulima alipwe moja na atoe karibu moja na nusu. Lumbesa imepigwa marufuku mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipopanda bei dunia nzima, aliniambia, hakupandisha bei. Alipunguza viazi, akaacha mayai yaleyale mawili. "Mteja anahesabu mayai, hahesabu chipsi."

Mama huyu amesomesha watoto wanne kwa karai hilo. Naliandika hilo kwa makusudi, kwa sababu chipsi zina kesi nyingine katika nchi hii. Nilipokuwa kidato cha tatu, msichana wa darasani kwetu alipata mimba. Ilipofika zamu ya kutuonya, mwalimu hakumtaja aliyempa ile mimba. Alitaja chipsi. Tukaambiwa tusiuze utu kwa chipsi mayai na lifti. Tangu hapo nimeisikia hotuba hiyo kwenye mikutano, redioni, hata msibani: binti ana tamaa ya chipsi. Na mvulana akionekana legelege, huyo ni kijana wa chipsi mayai. Mwenzetu hakurudi shule. Juni 2017 msimamo kwamba aliyezaa asirudi ukatangazwa tena kutoka ngazi ya juu kabisa ya nchi, na Novemba 2021 serikali ikauondoa, yeye akiwa tayari na watoto wawili.

Angalia vizuri hiyo hotuba. Sahani ya viazi inashitakiwa, mwanaume mzima aliyeinunua hana jina. Nashangaa pia mashtaka haya hayajawahi kuwapata wali au ndizi nyama. Nadhani ni kwa sababu chipsi ni chakula cha kwanza ambacho kijana anaweza kukinunua mwenyewe, nje ya nyumbani, bila kupakuliwa na mtu mzima. Msichana anayekula amesimama barabarani, kwa pesa yake, anawatia watu wasiwasi hata akiwa ana njaa tu.

Safari yangu ya mwisho ilikuwa Tunduma, mwendo wa muda mfupi kwa gari kutoka Vwawa kama hakuna foleni ya malori. Julai 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana maeneo yao ya Afrika Mashariki, mstari ukapita kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Wanyamwanga wakajikuta pande zote mbili. Mstari huohuo leo una kituo cha forodha cha pamoja, kilichozinduliwa Oktoba 2019, na upande wa pili ni Nakonde, Zambia, nchi ambayo watu wake wanapenda kula chipsi na soseji nene nyekundu waiitayo Hungarian, ingawa sijui Mhungaria gani angeitambua.

Kibanda nilichokikuta hakikuwa na jina. Mpishi alikuwa kijana mdogo, kofia imegeuzwa nyuma. Aliikata soseji moja vipande vya duara, akavirusha kikaangioni kabla ya viazi mpaka vikatoa mafuta yao, akamimina mayai, akageuza kwa kifuniko cha sufuria. Akaweka kachumbari juu, siyo pembeni, na mayonizi. Nilimuuliza alijifunzia wapi.

"Nakonde, kwa shemeji yangu. Ila kule hawatii yai."

"Kwa hiyo yai umeweka wewe?"

"Yai ni la huku, dada." Akanisogezea sahani na vijiti viwili. Mteja aliyenifuata alilipa kwa kwacha, akarudishiwa chenji kwa shilingi, na hakuna kati yao aliyeangalia kikokotoo.