Abubakar Tafawa Balewa na Mizani ya Sheria Kabla ya Vita vya Nigeria

Miongoni mwa viongozi waliopokea dola kutoka mikononi mwa Waingereza, ni wachache walioacha sifa njema ya tabia kama Alhaji Sir Abubakar Tafawa Balewa, Waziri Mkuu wa kwanza wa Nigeria. Na kwa kuwa sifa hiyo ni ya kweli, wengi wameridhika kunena kwamba nchi ilimshinda kwa sababu ya upole wake. Rai hiyo siikubali. Upole haukumzuia kutumia nguvu za serikali mwaka 1962, na kilichomzuia kuzitumia mwaka 1965 kilikuwa jambo jingine, nalo ndilo linalostahili kuchunguzwa na kila atakaye kufahamu vita vilivyozuka mwaka 1967.

Alizaliwa mwaka 1912 katika nchi ya Bauchi, mwana wa mtumishi wa nyumba ya mkuu wa wilaya, bila nasaba ya kifalme. Chuo cha Katsina kilimfanya mwalimu, na kalamu yake ikatoa Shaihu Umar, hadithi ya Kihausa ya mtoto aliyeibwa na kutiwa utumwani. Agosti 1950 alisimama katika Baraza la Kaskazini akataka iundwe tume ya kuchunguza utawala wa wenyeji, yaani mamlaka ya maamiri, ambao watu wa tabaka lake walizoea kuwainamia. Mwoga hathubutu hivyo. Mwaka 1948 alikuwa amesema waziwazi kwamba umoja wa Nigeria ni azma ya Waingereza tu. Lakini alipozuru Marekani mwaka 1955, akiwa waziri wa uchukuzi, kutazama usafiri wa majini katika Mto Mississippi, aliona watu wa asili mbalimbali wakiishi chini ya dola moja, na tangu hapo akaushika umoja kama mtu ashikavyo amana. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kumkumbuka kwa heshima, kwani baada ya maasi ya askari wa Tanganyika mwaka 1964, serikali yake ndiyo iliyoleta kikosi cha Nigeria kulinda nchi wakati jeshi jipya lilipokuwa likiundwa.

Illa mamlaka yake yalikuwa ya kuazima. Rais wa chama chake alikuwa Sardauna wa Sokoto, Sir Ahmadu Bello, aliyechagua kubaki Kaduna kuwa Waziri Mkuu wa Kaskazini na kumwachia naibu wake kiti cha Lagos; hivyo kila neno zito la serikali ya shirikisho lilipimwa kwanza kwa maslahi ya Kaskazini na ya marafiki zake.

Tarehe 25 Mei 1962, katika Baraza la Magharibi mjini Ibadan, wajumbe walirushiana viti, mmoja wao akainyakua siwa ili ampige nayo Spika, ikavunjika juu ya meza, na polisi wakaingia na mabomu ya machozi. Siku nne hazikupita ila Bunge la Lagos lilikwisha kutangaza hali ya hatari, Waziri wa Afya, Dkt. Moses Majekodunmi, akapewa jimbo zima kulitawala kwa miezi sita. Miezi hiyo ilipokwisha, Chief Samuel Akintola alirudishwa kuwa Waziri Mkuu wa Magharibi pasipo uchaguzi, na Septemba 1963 hasimu wake, Chief Obafemi Awolowo, kiongozi wa upinzani nchini, akahukumiwa kifungo cha miaka 10.

Sasa tutazame Oktoba 1965. Akintola, aliyekwisha kufungamana na chama cha Waziri Mkuu, alitangazwa mshindi wa uchaguzi uliojaa ghushi, na jimbo lile lile likawaka moto kwa maana halisi ya neno: nyumba, magari na watu walimwagiwa petroli na kuchomwa. Ghasia za 1962 zilikuwa ndani ya chumba kimoja. Hizi zilienea mijini na vijijini kwa miezi. Uwezo wa kutangaza hali ya hatari ulikuwapo bado, na wajumbe wa kuupitisha walikuwapo, lakini Balewa hakuutumia. Januari 1966 aliwakaribisha Lagos wakuu wa Jumuiya ya Madola kuzungumzia dhuluma ya walowezi wa Rhodesia, jambo la haki kabisa, hali ya kuwa mwendo wa saa chache kutoka ukumbini raia wake walikuwa wakiteketea.

Sheria iliyomshukia hasimu upesi na kumpita rafiki kimya ilipoteza heshima yake machoni mwa raia na askari pia, na hapo ndipo ninapouona mwanzo wa vita, kabla ya risasi yoyote. Hayo hayawatakasi maofisa waliomuua alfajiri ya 15 Januari 1966, pamoja na Sardauna na Akintola. Damu ile ilizaa mapinduzi ya Julai, mauaji ya Waigbo huko Kaskazini, na kujitenga kwa jimbo la Mashariki kwa jina la Biafra. Maiti ya Balewa iliokotwa kando ya njia iendayo Abeokuta, akazikwa Bauchi. Awolowo alifunguliwa Agosti mwaka ule kwa amri ya wanajeshi, na vita vilipoanza tarehe 6 Julai 1967, yeye ndiye aliyekuwa kamishna wa fedha wa serikali iliyokuwa ikipigania umoja wa Nigeria.