Intaneti haikufika Nakuru siku moja

Wasee, hii stori ya "intaneti ya kasi ilikuja Kenya 2009" ni nusu tu. Kweli, mwaka huo nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, polepole na bei ya kutoa machozi. Kiwanda kikubwa cha hapa Nakuru kingejikaza kilipe. Fundi wa jua kali angelipa na nini?

Yeye alingoja simu. M-Pesa ya 2007 ilishamzoesha kupokea pesa kwa simu, intaneti ikamfuata humohumo.

Mjomba wangu huchomelea mageti na hajawahi kumiliki kompyuta. Nilipoacha chuo, nilianza kuyapiga mageti yake picha na kuziweka WhatsApp. Oda ya kwanza ilitoka Molo!

Halafu 2024 ikaanza, na KRA ikataka gharama za biashara ziwe na ankara ya eTIMS. Kampuni moja ilitaka mageti, mjomba hakuwa na hiyo ankara, wakaenda kwingine.

Zamani kizuizi kilikuwa waya. Siku hizi ni kukosa wa kukuonyesha. Jumamosi namsajili mjomba. Wewe wako je?