Randa na Kalamu: Historia ya Shule za Ufundi wa Mbao katika Misioni za Katanga

Katika mwaka wa Yubile wakristu wanapenda kuhesabu ubatizo na ndoa, na kukumbuka majina ya mapadri waliotutangulia. Ni vema. Lakini sisi tumependa kusema juu ya jambo ambalo vitabu vya parokia haviliandiki sana, ndiyo kazi ya mbao iliyofundishwa vijana wa shule. Kwani katika misioni nyingi za zamani, milango, mihimili ya paa na mabenchi tunayokalia wakati wa Misa vilitoka katika mikono ya wanafunzi.

Mwanzo wake ulikuwa haja tu. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walipopokea Mpala mwaka 1885, na walipoanza Kirungu mwaka 1893, hapakuwa na duka la kuuza mlango wala dirisha. Ilipasa kuchoma matofali na kupasua magogo pale pale, na vijana wakajifunza wakiwa kazini. Baadaye haja ile ikawa sheria. Tarehe 26 Mei 1906 Kiti cha Kitume na Serikali ya Mfalme Leopold II walifanya mapatano: kila misioni ipewe ardhi ya hektari 100 hadi 200, nayo misioni ifungue shule kadiri ya uwezo wake, na katika shule hiyo zifundishwe hasa kazi za shamba na ufundi wa mikono. Tuyashike maneno haya vizuri, maana tutayarudia.

Huku kusini mwa Katanga, ufundi wa mbao uliletwa zaidi na wana wa Mtakatifu Yohane Bosco. Ili tuelewe walileta nini, yatupasa kwenda kwanza Torino, mji wa Italia, katikati ya karne ya 19. Vijana wengi wa vijijini walikuwa wakija mjini kutafuta kazi, na mabwana waliwatumikisha kama punda. Don Bosco, ambaye katika ujana wake alijifunza kushona nguo na kufua chuma, hakutosheka kuwahubiria. Aliwaandikia mapatano na mabwana wao. Moja la tarehe 8 Februari 1852 limetunzwa hata leo: ni la kijana mmoja aliyewekwa kwa fundi seremala. Fundi anaahidi kumfundisha kazi yake kweli, kumrudi kwa maneno tu bila kumpiga, na kumwachia siku za sikukuu ziwe zake. Don Bosco mwenyewe alitia sahihi. Sisi tunaona karatasi ile ina uzito kuliko hotuba nyingi juu ya haki za wafanyakazi.

Kisha akafungua viwanda vyake nyumbani: viatu na nguo mwaka 1853, kufunga vitabu mwaka 1854, useremala mwaka 1856. Na mwaka 1886 mkutano mkuu wa Wasalesiani ukaandika kwamba kijana wa ufundi alelewe kwa njia tatu pamoja: njia ya dini na tabia njema, njia ya akili, na njia ya kazi yenyewe. Ile ya pili, njia ya akili, ndiyo tutakayoiulizia hapa petu.

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Shaba ya kwanza iliyeyushwa mwaka 1911, na Novemba ya mwaka ule ule kikundi kidogo cha Wasalesiani kikiongozwa na Padri Joseph Sak kilishuka mjini. Mwaka 1912 walikuwa na shule mbili. Moja ilikuwa ya watoto wa Wazungu, na humo walisoma vitabu. Ya pili ilikuwa ya vijana Waafrika, na humo walijifunza ufundi. Katika miaka ya 1920 Kafubu, karibu na mji, ikawa kituo kikubwa cha kazi hiyo.

Wasiowahi kuingia katika kiwanda cha namna hiyo hudhani kazi ya mbao ni nguvu za mkono tu. Anayeanza hapewi meza ya kutengeneza. Anapewa ubao mmoja mkavu na randa, ausawazishe. Akidhani amemaliza, mwalimu anasimamisha kipimo cha chuma juu ya ubao, anauinua kuelekea dirisha na kutazama: mwanga ukipenya chini ya chuma, kazi inaanzwa tena. Hapo mtoto wa mkubwa na mtoto wa maskini wanahukumiwa na mwanga ule ule. Halafu unakuja ulimi wa ubao unaoingia katika tundu lake: ukiwa mwembamba unalegea, ukiwa mnene unapasua. Lazima pia ajue mti. Mulombwa ukikauka vizuri haujikunji sana, ndiyo maana mafundi wanaupenda kwa milango. Mti mbichi utamwaibisha fundi kabla ya mwaka kwisha. Na lazima ajue hesabu. Ubao wa urefu wa meta 4, upana wa sentimeta 20 na unene wa sentimeta 3 ni 0,024 ya meta ya ujazo. Basi meta moja ya ujazo haitoi mbao 42, tena bila kuhesabu unga unaopotea katika msumeno. Asiyejua kuhesabu hivyo atadanganywa sokoni maisha yake yote.

Sasa turudi kwenye neno letu. Utawala wa Wabelgiji, pamoja na makampuni, ulihitaji mafundi na makarani, na shule zikapangwa kwa kipimo hicho. Nje ya seminari, mlango wa masomo makubwa ulikawia sana kufunguliwa. Ni mpango wa mwaka 1948 ulioleta shule za sekondari za kumwelekeza Mwafrika kwenye chuo kikuu; Lovanium ilianza mwaka 1954, na chuo kikuu cha Elisabethville mwaka 1956. Kwa hiyo wazazi wetu waliona randa ikitolewa kwa mtoto wao na kalamu ikipewa mtoto wa mwingine. Tusishangae basi kwamba baada ya mwaka 1960 walikimbilia kalamu, wakaihesabu shule ya mbao kuwa mahali pa walioshindwa. Hawakuudharau mti, walikataa ule mgawanyo. Nasi tunasema wazi kwamba mgawanyo ule haukulingana na maandiko ya mwaka 1886, hata kama wengi waliofundisha walikuwa watu wema na wenye kujitoa.

Lakini hasara imetufikia. Katika miaka ya 2010 miti ya mukula ya Haut-Katanga ilikatwa kwa wingi, ikapakiwa katika kamyo ikiwa magogo tu, ikavuka mpaka kwenda kutengenezwa Asia. Kijana wa kijiji alilipwa kwa kukata na kubeba. Wakati ule ule, humu Lubumbashi, wanafunzi wa Cité des Jeunes na wa shule nyingine za ufundi walikuwa wakijifunza kuunganisha mbao.