Kati ya Hifadhi Mbili: Vibao vya Barabara za Mara na Picha Zake

Kila mwaka makundi ya nyumbu yanapouvuka Mto Mara, kamera za dunia nzima huwa zimekwisha kutegwa ukingoni. Picha za nyumbu akijitupa majini zimepigwa kwa idadi isiyohesabika. Lakini barabara waliyoipita wapiga picha hao hata wakafika mtoni, pamoja na vibao vilivyowaelekeza, ni nadra kuonekana katika picha wanazorudi nazo. Kwa anayetaka kuandika historia ya watu wa Tarime na Serengeti, huo ni upungufu mkubwa. Katika wilaya hizo mbili za Mkoa wa Mara, kibao cha barabarani ni miongoni mwa maandishi machache ambayo dola imeyasimamisha mbele ya macho ya wenyeji, kwa herufi kubwa, ili kila mpita njia ayasome.

Watu wa Visiwani hawana haja ya kuelezwa thamani ya picha ya njia. Mji Mkongwe wa Unguja unajulikana ulivyokuwa kwa sababu walikuwapo wapiga picha kama akina Gomes tangu karne ya 19, na baadaye Ranchhod Oza, aliyefungua studio yake ya Capital Art mwaka 1930. Katika picha zao mtu huiona barza iliyobomolewa na duka lililobadilishwa jina. Aliyepiga picha hizo alikuwa akitafuta riziki yake tu, lakini muda ulipopita kazi yake ikawa hati. Barabara za bara hazikupata bahati hiyo. Walizipita wenye magari, wenye mabasi na wenye ng'ombe, na wachache sana walisimama wakaupiga picha mlingoti na bamba lake.

Wapo watu duniani wenye mapenzi hayo. Walker Evans aliyapiga picha mabango ya barabarani ya Marekani katika miaka ya 1930, na mwaka 1963 Ed Ruscha alichapisha kitabu kizima cha picha za vituo vya petroli alivyovipita njiani. Wako pia wasafiri wa kawaida ambao kila wafikapo njia panda huteremka garini, wakapiga picha ya kibao, wakaendelea na safari. Wengi huwacheka. Barabara za Mara zinaonyesha kwa nini hawastahili kuchekwa.

Tuanze mpakani. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1886, uleule uliomwachia Sayyid Barghash visiwa vyake na ukanda wa maili kumi wa pwani, ulichora mstari kutoka mdomo wa Mto Umba, ukauzungusha Kilimanjaro, ukaupeleka hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria, penye nyuzi moja kusini mwa Ikweta. Waliouchora walikuwa Ulaya, na wengi wao hawakupata kuiona nchi waliyoikata. Mstari huo ulipita katikati ya Wakurya. Baada ya zaidi ya karne moja bado unasomeka vibaoni: upande wa Tanzania kabila hilo huandikwa Kurya, na upande wa Kenya huandikwa Kuria, hata majimbo ya uchaguzi yakaitwa hivyo. Mji wa mpakani upande wa Tanzania ni Sirari. Ng'ambo ni Isebania, ambako wengi hupaita pia Sirare. Herufi moja imebadilika, nayo yatosha kumjulisha msomaji amesimama katika nchi gani.

Barabara kuu itokayo Mwanza na kupita karibu na Musoma, ikavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi na kufika Tarime, huishia Sirari. Ng'ambo ya mpaka huendelea kwenda Migori, Kisii na Kisumu. Mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa muda wa zaidi ya miaka sita barabara hiyo ilielekea mahali pasipokwendeka kwa halali. Picha moja ya kibao cha njia ya Kenya iliyopigwa katika miaka hiyo, yenye tarehe nyuma yake, ingemweleza kijana wa leo jambo ambalo kurasa kumi za maelezo huenda zisilieleze.

Lakini habari nzito zaidi haiko mpakani. Iko vijijini, kando ya barabara hizohizo.

Mwezi wa Novemba 1973, Mwalimu Nyerere, mwenyewe mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu, alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Operesheni Vijiji ikafuata, na hadi mwaka 1976 mamilioni ya watu nchini walikuwa wamehamishwa. Katika Mara, kama kwingineko, familia zilizokuwa zimetawanyika mabondeni na vilimani, kila moja na boma lake na malisho yake, zilikusanywa na kupangwa kwa mistari. Vijiji vingi viliwekwa kando ya barabara, ili gari la Serikali lifike, shule ijengwe, mazao yachukuliwe. Aliyekuwa na nyumba mbali na njia aliambiwa aisogelee njia, na akaisogelea.

Ukaja wakati mwingine na sheria nyingine. Kwa kanuni za zamani, eneo la barabara kuu lilikuwa mita 22.5 kutoka katikati ya barabara, kila upande. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, pamoja na kanuni zake za 2009, ililipanua hadi mita 30. Eneo hilo huitwa hifadhi ya barabara. Waliokutwa ndani yake walichorewa alama ya X ukutani: nyekundu kwa aliyehesabiwa kuwa mvamizi, asiyestahili kulipwa, na ya kijani kwa aliyekumbwa na upanuzi, anayesubiri fidia. Nchini kote ukaenea msemo wa kuamulia kesi hizo: je, wewe uliifuata barabara, au barabara ilikufuata? Aliyeifuata hana chake. Aliyefuatwa atalipwa.

Swali hilo ni fupi, na mtu akilisikia hudhani jibu lake nalo ni fupi. Mzee aliyehamishwa mwaka 1974 aliifuata barabara, ni kweli, lakini aliifuata kwa amri. Nyumba yake ikiwa mita 20 kutoka katikati ya njia, kipimo chamwita mvamizi, na historia yamwita mtiifu. Atathibitishaje? Hati ya ardhi wengi hawana. Aliyewapanga amefariki. Lililobaki ni kauli yake, na kauli ya mzee mbele ya utepe wa kupimia haina uzito mkubwa.

Hapa ndipo picha ya kibao inapopata kazi. Penye kijiji kando ya barabara kuu, gari linapoingia hukuta bamba la duara lenye ukingo mwekundu na tarakimu 50. Dereva huliona kama onyo la askari mwenye tochi. Lakini lina maana zaidi ya hiyo: kwa bamba hilo dola imekiri kwamba mahali hapa wanaishi watu, na mwenye gari awastahi. Likisimama jina la kijiji karibu yake, ungamo limetimia. Katika hatua chache, basi, mtu aweza kusoma maneno mawili ya mwandishi mmoja: bamba lasema hapa kuna wakazi, na rangi ya ukutani yasema wakazi hawa hawamo kihalali. Picha inayoyakusanya yote mawili katika fremu moja, ikiwa na tarehe yake, ni ushahidi.

Aidha, lugha yenyewe imetoa fumbo ambalo mshairi asingethubutu kulibuni. Neno hifadhi latumika kwa Serengeti ya wanyama, na latumika kwa ukanda wa barabara. Mkazi wa Wilaya ya Serengeti anaishi kati ya hifadhi mbili: moja imehifadhiwa kwa ajili ya wanyama, nyingine kwa ajili ya magari. Babu zake waliondolewa katika ile ya kwanza, baada ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1951 na mipaka yake kukazwa. Yeye sasa anaonywa asiiingie ile ya pili, nayo i mlangoni pake.

Ni haki kueleza pia kwamba picha haimtumikii mnyonge peke yake. Katika eneo la Nyamongo wilayani Tarime, uliko mgodi wa dhahabu wa North Mara, limezaliwa neno tegesha. Maana yake ni kujenga vibanda au kupanda mimea upesi mara zinaposikika habari kwamba ardhi itathaminiwa ili mgodi uitwae. Huko picha, pamoja na zile zinazopigwa kutoka angani, huja kuuliza nyumba hii ilikuwapo lini, na jibu huweza kumuumbua mwenye nyumba. Lakini hilo haliipunguzii picha thamani. Shahidi anayesema kweli siku moja kwa faida ya huyu na siku nyingine kwa hasara yake ndiye shahidi wa kuaminiwa. Ubaya huja pale upande mmoja tu unapokuwa na picha.

Kwa hiyo namna ya kupiga ina maana. Bamba likipigwa kwa karibu hata likaijaza picha nzima, hubaki maneno matupu yasiyo na mahali. Hapana budi kilima kionekane, au mti, au paa la shule, na nguzo ya kilomita ikiwapo. Tarehe iandikwe, na jina la kitongoji liulizwe kwa wenyeji. Kadhalika mpiga picha ajue kwamba penye kituo cha mpakani, daraja au mizani ataulizwa na askari, na busara ni kuomba ruhusa kabla ya kuinua kamera.

Majina nayo hayakai. Mwaka 2007 Wilaya ya Rorya ilikatwa kutoka Tarime, na mwaka 2012 ikaundwa Wilaya ya Butiama. Kila mgawanyo wa namna hiyo huyageuza maandishi ya barabarani kuwa ya kale, na bamba la zamani likishang'olewa huenda likawa mlango wa banda la kuku. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007, ameonyesha jinsi wazee wa Ikoma, Nata, Ishenyi, Ikizu na Ngoreme wanavyoihifadhi historia yao kwa majina ya mahali: ukitaka kisa, hutajiwa kilima, kisima, kivuko, na kisa huja pamoja na njia. Dola imeyachukua baadhi ya majina hayo na kuyapandisha vibaoni, ikayaacha mengine. Lililopandishwa husomwa na mgeni. Lililoachwa hubaki mdomoni mwa mzee, na mzee haishi milele. Hata jina Serengeti lenyewe ni mfano. Wageni walio wengi hulijua kuwa mbuga, na wachache tu hujua kwamba ni wilaya pia, yenye makao makuu Mugumu, yenye masoko na shule na makaburi.

Nguvu ya picha ilidhihirika mwaka 2010, Serikali ilipokusudia kuipitisha barabara kuu ya kutoka Musoma kwenda Arusha kaskazini mwa hifadhi, kwa kipande cha takriban kilomita 53. Ulimwengu ulipaza sauti. Mwaka 2011 Serikali iliieleza UNESCO kwamba kipande hicho kitabaki bila lami, na mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha ikaamua kuwa kujenga barabara ya lami kuikatiza hifadhi ni kinyume cha sheria. Walioutetea uwanda ule walikuwa na hoja, na walikuwa na picha za nusu karne, tangu filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael ya mwaka 1959. Watu wa Mugumu na Nata, waliokuwa wakisubiri lami ifike kwao upande wa nje wa hifadhi, walikuwa na hoja pia. Picha hawakuwa nazo. Huenda uamuzi usingebadilika, kwa kuwa nyumbu nao wana haki ya njia yao. Lakini katika mjadala wote ule nchi yao ilionekana kama kwamba ni nyasi tupu, haina kijiji wala kibao.

Lami sasa inasogea kwa vipande: kutoka Makutano kuelekea Nata, na kutoka Tarime kuelekea Mugumu. Kila kipande kinapokamilika, mlingoti wa zamani hung'olewa na mpya husimikwa, unaong'aa, wenye herufi safi. Wenyeji wanaifurahia barabara, na wana haki ya kuifurahia, maana mgonjwa anawahi hospitali na mahindi yanawahi soko. Ila kibao kipya hakisemi kimesimama badala ya kipi, wala nani alikuwa akiishi alipokuwapo kile cha kwanza. Siku mzee wa kando ya njia atakapoulizwa tena kama yeye ndiye aliyeifuata barabara au barabara ndiyo iliyomfuata, pawepo na picha japo moja ya kumjibia.